Sura ya Sita: Mtoto Anayelitafuta Kosa Lake

Shule ya msingi inapotaka kuanzisha klabu ya programu na roboti, hoja zinazotolewa kwenye kikao cha wazazi huwa zinajulikana kabla hazijasemwa. Ajira za kesho zitadai ujuzi huu; mtoto anayeandika programu hunoa akili; alama zake za hisabati zitapanda. Hoja ya ajira haina namna ya kuthibitishwa kwa mtoto wa miaka tisa, ambaye ataingia kwenye soko la kazi baada ya miaka kumi na zaidi, wakati lugha ya programu anayofundishwa leo huenda imekwishasahaulika. Hoja ya akili na ile ya hisabati zimepimwa, na majibu hayakuwa yale ambayo wengi waliyatarajia. Hata hivyo ninaamini kwamba klabu hizi zinastahili kuanzishwa, tena mapema, tena katika shule za kawaida za serikali, kwa sababu ambayo haisikiki sana kwenye vikao hivyo. Klabu ya programu ni moja ya sehemu chache sana shuleni ambapo mtoto anakosea, analiona kosa lake kwa macho yake, kisha analazimika kulitafuta lilipojificha na kulirekebisha mwenyewe, bila kupewa alama na bila kuaibishwa. Tukiikubali sababu hiyo, mengine yote hupangika kwa kuifuata: vifaa gani vinunuliwe, watoto wangapi waingie, na mwalimu afanye nini akiwa chumbani.

Wazo hili lina mwenyewe. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akapinga ubaguzi wa rangi akiwa bado kijana, akaondoka Afrika Kusini, na baadaye akafanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu aliyechunguza namna watoto wanavyojenga maarifa. Mwaka 1967, huko Massachusetts, yeye na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza Logo, lugha ya programu iliyokusudiwa watoto. Baada ya muda Logo ilipata mtumishi wake: roboti dogo lililotambaa sakafuni likiburuta kalamu, wakaliita kobe. Mtoto huandika MBELE 100, kisha KULIA 90, na kobe hutembea na kugeuka. Akirudia amri hizo mara nne, anapata mraba. Watoto hufika hapo haraka, na ni hatua inayofuata ndiyo iliyomvutia Papert zaidi.

Mtoto huyohuyo akitaka kuchora pembetatu yenye pande sawa, hukumbuka somo la hisabati: kila pembe ya pembetatu hiyo ina nyuzi 60. Basi anaandika MBELE 100, KULIA 60, mara tatu. Kobe halichori pembetatu. Linachora pande tatu za umbo la pande sita na kuliacha umbo likiwa wazi. Kwenye daftari jibu hilo lingepata mkasi wa kalamu nyekundu na habari ingeishia hapo. Mbele ya kobe, mtoto anajua kwamba alichokijua hakikuwa uongo (pembe ni nyuzi 60 kweli), na bado matokeo si sahihi. Papert alishauri mtoto asimame, ajifanye kobe, na atembee njia ya pembetatu kwa miguu yake mwenyewe. Akifika kwenye kona ndipo anapogundua kwamba mwili wake haugeuki kwa pembe ya ndani. Anageuka kwa pembe ya nje, ile inayobaki ukitoa 60 kwenye 180, yaani 120. Na akiendelea kutembea mpaka arudi alipoanzia, akitazama kulekule alikoanza kutazama, anakuwa amezunguka nyuzi 360 kamili. Ukizigawa kwa kona tatu unapata 120, ukizigawa kwa kona nne unapata 90. Kosa moja limemfikisha kwenye kanuni ambayo mwalimu angeitaja ubaoni kwa sentensi moja na darasa likaisahau kabla ya kengele kulia.

Papert alikieleza kisa cha kobe katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980, na matumaini yaliyofuata yalikuwa makubwa kupita kiasi. Shule nyingi za Marekani na Ulaya ziliamini kwamba ukimweka mtoto mbele ya Logo na kumwacha agundue mwenyewe, atajifunza kufikiri na kupanga mambo hata nje ya kompyuta. Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland, waliokuwa Bank Street College jijini New York, walitoa matokeo ya kupima imani hiyo. Waliwapa watoto zoezi la kupanga kazi za usafi wa darasa kwa mpangilio ulio bora. Watoto waliokuwa wametumia mwaka mzima na Logo hawakuwashinda wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Wapinzani wa kompyuta mashuleni walifurahi, na mpaka leo utafiti huo hutumika kama silaha dhidi ya klabu za aina hii.

Utafiti uliokuja miaka minne baadaye ulibadilisha sura ya mambo, ingawa unajulikana na wachache. David Klahr na Sharon Carver wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon hawakuwaacha watoto wagundue wenyewe. Waliwafundisha waziwazi namna ya kulitafuta kosa katika Logo: sema ulichotarajia na kilichotokea, taja aina ya kosa linaloweza kuleta tofauti hiyo, kisia liko sehemu gani ya programu, nenda hapo, rekebisha, jaribu tena. Baadaye wakawapa watoto hao, wa kati ya miaka minane na kumi na moja, maelekezo ya kawaida yasiyohusiana na kompyuta, kwa mfano ya kupanga vitu au kusafiri kwenye ramani, yakiwa na kosa ndani yake. Safari hii ujuzi ulivuka. Watoto walilitafuta kosa kwa utaratibu na kugusa pale tu palipostahili kuguswa. Nikiziweka tafiti hizi mbili pamoja, ninasoma jambo moja: programu yenyewe haimfundishi mtoto kufikiri, ila kutafuta kosa kukifundishwa kwa makusudi kunaweza kumfundisha.

Vipimo vya karibuni havijaupinga usomaji huo. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya majaribio ya nasibu yaliyofanywa katika shule 21 za Uingereza zenye Code Club, mtandao wa klabu za baada ya masomo ulioanzishwa mwaka 2012. Watoto wa klabu waliandika programu vizuri kuliko wenzao, lakini kwenye mafumbo ya kupima namna ya kufikiri hawakuwazidi. Ni haki kuongeza kwamba wenzao nao walikuwa na somo la kompyuta darasani, kwa kuwa Uingereza ililiingiza katika mtaala kwa watoto wa kuanzia miaka mitano tangu Septemba 2014. Mwaka uliofuata yakaja matokeo ya ScratchMaths, mradi uliofundisha hisabati kupitia Scratch, lugha ya vipande vya rangi iliyotolewa na MIT mwaka 2007. Watoto walifikiri vizuri zaidi kwenye vipimo vya kikompyuta, na alama zao za hisabati kwenye mtihani wa taifa hazikusogea. Mwaka 2019 Ronny Scherer na wenzake walikusanya tafiti 105 na kuona mwelekeo uleule kwa mapana: faida ni kubwa kwenye mambo yaliyo karibu na programu, na hupungua kadiri unavyokwenda mbali nayo. Kwa hiyo anayemwahidi mzazi kwamba klabu itapandisha alama za hisabati anaahidi kitu ambacho hakina ushahidi wa kutosha. Mzazi aambiwe ukweli tangu mwanzo, kwa sababu klabu iliyojengwa juu ya ahadi hiyo itafungwa siku matokeo ya mtihani yatakapobandikwa ukutani.

Kwa nini basi nasema utafutaji wa kosa una uzito huo kwetu? Kwa sababu shule zetu za msingi zimeelemewa na mtihani na wingi wa watoto kiasi kwamba kosa halina nafasi ya kuwa kitu kingine isipokuwa hasara. Mwalimu mwenye darasa la watoto themanini hana muda wa kumuuliza kila mmoja ameipataje 47 badala ya 43. Anaweka alama ya mkasi, anaandika jibu sahihi ubaoni, watoto wananakili, somo linasonga. Simlaumu, hesabu ya dakika haimruhusu kufanya vingine. Lakini mtoto anayepitia miaka sita au saba ya namna hiyo hujifunza kwamba kosa ni la kufutwa haraka kabla halijaonekana, na kwamba anayejua lilipo ni mwalimu peke yake. Klabu yenye watoto kumi na sita, mara moja kwa wiki, inaweza kuwa na taratibu tofauti kabisa. Mwalimu haitaji kosa. Anauliza: ulitarajia nini, kimetokea nini, umebadilisha nini mara ya mwisho? Maswali hayo matatu yakirudiwa kila wiki kwa muhula mzima, watoto huanza kuulizana wenyewe.

Hapa ndipo roboti linapostahili nafasi yake. Programu inayoishi kwenye skrini ina sehemu moja tu ya kukosea, ambayo ni programu yenyewe. Roboti lina sehemu nyingi. Chukua gari dogo lenye mota mbili za bei nafuu, magurudumu mawili, bodi ya kuliongoza na betri, uliamuru liende moja kwa moja mita moja. Halitaenda moja kwa moja. Litapinda kushoto au kulia, kwa kuwa mota mbili za aina moja, zilizotoka kwenye mfuko mmoja, hazizunguki kwa kasi iliyo sawasawa. Mtoto atasema programu imekosewa, na ataibadilisha, na itazidi kupinda. Sasa mwalimu ana nafasi ya kumfundisha jambo ambalo mafundi wa redio na wa pikipiki wanalijua vizuri: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Hamisha mota ya kushoto uiweke kulia na ya kulia uiweke kushoto. Gari likianza kupindia upande wa pili, mota ndiyo yenye tatizo. Likiendelea kupindia upande uleule, tazama gurudumu, tazama betri ilivyokaa upande mmoja na kuegemeza uzito, tazama mchanga sakafuni. Mtoto aliyefanya hivyo mara moja amefanya jaribio la kisayansi, ingawa hakuna aliyemwambia aandike neno hilo kwenye daftari. Ndiyo maana gari la bei nafuu linalopinda linanifaa kuliko seti ya kifahari iliyopimwa kiwandani isikosee.

Najua pingamizi linalokuja: shule nyingi hazina kompyuta, nyingine hazina umeme, na kuzungumzia roboti ni kuzungumzia anasa. Nchini Tanzania, ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka. Bodi moja ya micro:bit, ile ambayo BBC iliisimamia igawiwe kwa wanafunzi wapatao milioni 1 wa Uingereza mwaka 2016, huuzwa takriban dola 15 hadi 20, yaani ruzuku ya mwaka mzima ya watoto wanne au watano. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu langu si kwamba fedha zitapatikana. Jibu ni kwamba tukianza na vifaa tutashindwa hata fedha zikipatikana. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto. Uchunguzi wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika katika shule 319 za vijijini, uliotolewa mwaka 2012, ulikuta alama za hisabati na lugha hazijapanda, ingawa watoto walifanya vizuri kiasi kwenye mafumbo ya akili ya jumla. Kenya iliahidi kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza katika kampeni za mwaka 2013, na kuanzia 2016 ikasambaza vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi za umma. Ni kazi kubwa ya serikali na isibezwe. Lakini katika shule nyingi vilibaki vimefungiwa kabatini, kwa kuogopa wizi, kwa kukosa umeme, au kwa sababu mwalimu hakujua avitumie kwa somo lipi.

Klabu ya kutafuta kosa inaweza kuanza bila kifaa chochote. Tim Bell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, wametumia miongo kadhaa kutunga mazoezi ya sayansi ya kompyuta yasiyohitaji kompyuta, na kobe la Papert halihitaji hata karatasi. Mtoto mmoja anakuwa kobe. Kundi moja linaandika maelekezo ya kumtoa mlangoni mwa darasa hadi kwenye mlingoti wa bendera, kwa hatua na nyuzi za kugeuka tu. Kundi lingine linayasoma kwa sauti, na kobe hutii kama yalivyoandikwa bila kusaidia. Atagonga ukuta. Walioandika hawaruhusiwi kumwelekeza kwa kidole. Wanapaswa kurudi kwenye maandishi yao na kutafuta mstari uliompeleka ukutani. Muhula mmoja wa mazoezi hayo, uwanjani, kwa chaki na daftari, utaionyesha shule kama ina mwalimu wa kuiendesha klabu na watoto wanaorudi wiki ijayo. Baada ya hapo ndipo ombi la vifaa lina maana. Na vifaa vyenyewe vinaweza kuwa karibu kuliko tunavyodhani: baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali ya Tanzania iligawa vishikwambi kwa walimu. Programu ya ScratchJr, iliyotengenezwa kwa watoto wa miaka mitano hadi saba, huwekwa kwenye kishikwambi bila malipo, na ikishawekwa haihitaji intaneti.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi machoni pangu. Tathmini za Uwezo, mpango unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, zimeonyesha mara kwa mara, tangu zilipoanza Afrika Mashariki, kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma vizuri hadithi ya darasa la pili. Je, ni haki kutumia saa moja ya wiki kwa roboti wakati kusoma, kuandika na kuhesabu bado ni mlima? Nakubali sharti lililomo ndani ya swali hili: klabu isichukue hata dakika moja ya vipindi vya KKK, na mwalimu hodari wa kufundisha kusoma asihamishwe kwenda kuisimamia. Ninalokataa ni dhana kwamba vitu hivi viwili vinagombana. Mtoto anayeandika maelekezo ya kobe anaandika sentensi fupi ambayo mwenzake ataisoma na kuitii papo hapo. Akiandika “geuka kulia” badala ya “geuka kushoto”, matokeo ya kuandika vibaya yanatembea mbele yake. Mazoezi mengi ya kuandika darasani hayana msomaji mwingine zaidi ya mwalimu, na mengine hayasomwi na yeyote. Klabu iendeshwe kwa lugha ambayo mtoto anafikiri nayo. Scratch inapatikana kwa Kiswahili, na ScratchJr hutumia picha tu. Shule itakayowalazimisha watoto wa darasa la nne wajifunze amri za Kiingereza kwanza itakuwa imefungua klabu ya Kiingereza na kuipa jina lingine.

Kuhusu mwalimu, hofu iliyoenea ni kwamba hajui programu, hivyo lazima aje mtaalamu kutoka mjini. Mtaalamu akija ni heri, lakini ataondoka, na klabu nyingi za kujitolea hufa mwezi anaoondoka. Mwalimu asiyejua programu ana faida moja katika klabu ya namna hii: hawezi kulitaja kosa, kwa hiyo lazima ayaulize yale maswali matatu kwa dhati. Anachohitaji ni mafunzo ya siku chache, kitabu cha mazoezi, na kipindi kimoja kilichopunguzwa kwenye ratiba yake ili klabu isiwe mzigo wa bure baada ya siku ndefu. Mwalimu mkuu asiyeweza kupunguza kipindi hicho asianzishe klabu mwaka huo.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tujisumbue wakati akili bandia sasa inaandika programu yenyewe. Mashine hizo huandika haraka, na hukosea kwa lugha ya kujiamini. Atakayezitumia atahitaji kusema alitarajia nini, ameletewa nini, na tofauti iko wapi. Kwa klabu iliyoanzishwa ili mtoto akariri amri, ujio wa mashine hizi ni msiba. Kwa klabu ninayoizungumzia, kazi imeongezeka.

Limebaki suala la nani aingie, na hapa naona hatari kubwa kuliko ya umeme. Mwelekeo wa shule ni kuchagua wa kwanza hadi wa kumi, kuwavalisha fulana, na kuwaandaa kwa ajili ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi anataka kuona roboti linalotembea bila kukwama, kwa hiyo mwalimu analirekebisha usiku na watoto wanalibonyeza asubuhi. Siku hiyo klabu imekufa ingawa picha zitapendeza. Wanafunzi bora wa darasa ndio waliofaidika zaidi na utaratibu wa kuficha kosa, na ndio wenye mengi ya kupoteza wakionekana wamekosea. Ningependekeza shule ipige kura kati ya watoto wote wa darasa la tatu na la nne wanaotaka kuingia, nusu wasichana na nusu wavulana, wakae wawiliwawili kwa kila kifaa, na anayebonyeza na anayeelekeza wabadilishane kila baada ya dakika kumi kwa saa ya ukutani. Bila utaratibu huo, kifaa hubaki mikononi mwa yule aliyezoea simu ya nyumbani, ambaye mara nyingi ni mvulana wa familia yenye uwezo. Muhula ukiisha, kura ipigwe upya kwa nusu ya nafasi, na waliobaki wawafundishe wageni. Na siku ya maonyesho, mgeni rasmi apewe roboti lenye kosa lililowekwa makusudi, aketi na watoto, awasikilize wakilitafuta.